Jumapili Murdina Alipolifuata Zimwi

Wageni wakishuka kwenye basi hapa kwetu, kabla hata hawajauliza choo kiko wapi, huuliza: "Lipo au halipo?" Wanamaanisha zimwi la Ziwa Ness. Wengine hunishika mkono kabisa, kana kwamba nimelificha kabatini. Nimechoka kuwajibu. Siku hizi nawaambia waketi, nawamiminia chai, nawasimulia habari za Murdina Chisholm. Asiye na subira ya kumsikiliza Murdina, na aende akapigwe na mvua ufukoni.

Murdina alipewa jina la baba yake. Kwetu ndivyo ilivyo: mzee Murdo alingoja mtoto wa kiume, akaja binti, basi jina likaongezwa mkia na maneno yakaisha. Binti akarithi na mashua. Maisha yake yote alivusha watu kutoka upande wetu wa kusini hadi ng'ambo kwenye barabara kubwa, na magunia ya unga, na kondoo, na mabibi harusi waliotapika njiani. Alikuwa mfupi mwenye mabega mapana, mikono migumu, maneno machache. Mumewe Alasdair aliondoka mapema kwa ugonjwa wa mapafu, na hawakujaliwa mtoto. Maneno aliyobaki nayo aliwapa wanyama. Ungemsikia katikati ya ziwa akimwambia kondoo, "Pole mama, tunakaribia," na abiria wa kiti cha nyuma hajaambiwa hata habari za asubuhi.

Sasa elewa jambo moja, maana bila hili huelewi lolote. Kanisani kwetu unaweza kubatizwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa bila kuigusa Meza ya Bwana hata siku moja. Meza si ya kila mtu. Ni ya yule ambaye moyo wake umemthibitishia, na ambaye baraza la wazee limemhoji likaridhika. Huyo hupewa Jumamosi kibati kidogo cha madini ya risasi, na Jumapili hukikabidhi mezani ndipo aketi. Wengi wetu tuliona hatustahili. Tulikaa kwenye viti vya nyuma tukiwatazama wachache wakila mkate, tukarudi nyumbani kula viazi.

Mama yake Murdina alikufa akilia kwa ajili hiyo. Hakulilia maumivu. Alilia kwamba alitamani Meza miaka yote na akaogopa, na sasa miguu ilikuwa imekwisha. "Usifanye kama mimi," alimwambia binti yake. Murdina naye akafanya kama yeye, miaka na miaka, mpaka nywele zikawa nyeupe. Ndipo majira fulani ya kuchipua akafunga mashua yake, akapanda kilima hadi kwa Mchungaji Torquil Nicolson, akasema, "Nataka kuketi." Wazee wakamhoji, wakaridhika. Kikabaki kibati tu, mwezi wa nane, maana Meza huandaliwa mara moja kwa mwaka.

Aliponiambia, aliniambia akiwa amegeukia jiko ili nisimwone uso. Mimi ni Ishbel, jirani yake, mshonaji, na nimemjua tangu tukiwa tunakimbia bila viatu. Sijawahi kumwona akitaka kitu kwa nafsi yake kabla ya hapo.

Lakini huo ndio ulikuwa mwaka wa zimwi. Wazee wetu walituambia habari za farasi wa majini, anayewapakia watoto watukutu mgongoni na kuzama nao, na sisi tukaogopa kama ilivyotakiwa. Halafu ng'ambo wakapasua miamba kwa baruti watengeneze barabara mpya, wapita njia wakaona mawimbi yasiyo na upepo, magazeti yakaja, na yule farasi akaota shingo ndefu na nundu. Kijiji kikagawanyika. Hector mhunzi aliuliza mnyama mkubwa hivyo anakula nini, ikiwa yeye mwenyewe hushinda kutwa na ndoano akarudi na mafua. Mama mkwe wake akamjibu kwamba samaki wana akili, wanamchagua wa kumlisha. Mimi nilisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Maji ya ziwa letu ni meusi kwa udongo wa milimani. Ukitia mkono hadi kiwiko huvioni vidole vyako. Mahali kama hapo nani ataapa kwamba hamna kitu?

Aliyeliamini kuliko wote alikuwa Mzee Lachlan Macgruer, mzee wa kanisa. Zamani alikuwa mwindaji wa kulungu kwenye shamba la bwana mkubwa, na sasa alikuwa na nyumba ya wageni. Kabla ya zimwi wageni wake walikuwa nzi. Mwaka ule walilala mpaka kwenye ghala la nyasi. Sisemi alidanganya, maana Lachlan hakuwa mwongo. Nasema tu ni rahisi kuliona jambo linalokujazia vitanda.

Basi Jumapili moja, wiki moja kabla ya Meza, tulitoka ibadani ukungu ukiinuka ziwani. Jumapili ni Sabato yetu, na si Sabato ya mchezo. Maji huchotwa Jumamosi, viazi humenywa Jumamosi, ndevu hunyolewa Jumamosi, na marehemu mama yangu alikuwa akimfunika jogoo kwa tenga asije akafanya upuuzi mbele ya majike siku ya Bwana. Kinachoruhusiwa ni kazi ya lazima na kazi ya huruma, basi. Tulikuwa tunatembea kwa heshima zetu zote, nguo nyeusi, macho chini, mtu akapiga kelele: "Yule! Yule!"

Heshima ikaisha. Mkutano mzima ulikimbilia ukuta wa makaburi, kina mama wameinua sketi, Hector amepanda juu ya kaburi la babu yake mwenyewe. Na kweli, katikati ya ziwa palikuwa na kitu. Shingo imesimama, nyuma yake nundu, na nyuma yake nundu nyingine ndogo. Kilikuwa kinakwenda kusini, kikageuka, kikarudi, kikageuka tena. Niliogopa, na nilifurahi mno.

"Nipisheni!" Lachlan akasema, na kutoka ndani ya koti lake la kanisani akachomoa darubini yake ya uwindaji. Akavuta, akakodoa. "Ndilo! Haki ya Mungu naliona, nundu tatu!" Mzee wa kanisa, akaapa.

"Nipe nione na mimi!"

"Ngoja zamu yako, Hector."

Murdina alikuwa amesimama pembeni, mkono juu ya macho. Hakuomba darubini. "Linazunguka," alisema.

"Linacheza," Lachlan akajibu.

"Halichezi. Limechoka hilo. Linazama."

Kisha akavua kofia yake ya Jumapili, akanikabidhi, akashuka ufukoni. Tulidhani anakwenda kuona kwa karibu. Tulipomwona anasukuma mashua, ndipo Lachlan akatwaa uzee wake wa kanisa uliokuwa umeanguka pale ukutani.

"Murdina! Leo ni Sabato!"

"Najua siku, Lachlan," akajibu bila kugeuka, akashika makasia.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata. Tulimtazama akipiga makasia kuelekea kwenye shingo ile, mwanamke mmoja mwenye mvi kwenye mbao chache, mpaka ukungu ukashuka tena ukawameza wote, yeye na zimwi. Nilikumbatia kofia nikaomba kwa sauti. Kina mama wengine walianza kulia. Tulikaa pale mpaka nguo zikalowa, na Hector akawa tayari ameanza kusema "marehemu" alipomtaja.

Halafu tukasikia makasia. Alitokea mikono imechubuka, sketi imechanika, amelowa kifuani.

"Umeliona?" sote kwa pamoja.

"Nimemwona."

"Likoje?"

"Kulungu jike na ndama wake. Ndama alikuwa ameegemeza kidevu mgongoni kwa mama, nguvu zimemwisha. Mama anaogopa kumwacha, anaogopa kwenda. Nimempakia mtoto, mama amenifuata hadi ng'ambo. Wameshapanda msituni." Akaninyang'anya kofia. "Umeikunja, Ishbel."

Ungewaona watu! Ni nyuso za watoto walioambiwa peremende zimekwisha. Lachlan akawa mwekundu.

"Nimewinda kulungu tangu sijaota ndevu," alisema. "Namjua kulungu kwa mbele, kwa nyuma na akiwa usingizini. Lile halikuwa kulungu."

"Basi lilikuwa limevaa ngozi ya kulungu," Murdina akasema, akaenda zake nyumbani kubadili nguo.

Jumatatu Lachlan akapeleka mashitaka kwa Mchungaji. Mashitaka yenyewe yalikuwa na ncha mbili. Kwanza, kwamba Murdina alivunja Sabato kwa kupiga makasia kwenda kutazama maajabu. Pili, kwamba alipogundua kosa lake akatunga habari ya kulungu, kwa sababu kumwokoa mnyama ni kazi ya huruma na kulitazama zimwi si kazi ya huruma. Yaani mvunja Sabato na mwongo. Na mpaka kesi iamuliwe, hapana kibati.

Nilikwenda kwake nikamkuta anasukuma mikate ya shayiri kwa hasira, imekuwa myembamba hadi meza inaonekana.

"Omba radhi tu," nilimwambia. "Sema umekosa, utasamehewa, utaketi mwakani."

"Nitubu nini? Nitubu kumtoa mtoto majini?"

"Ni ujanja tu, dada."

"Kwa Mungu niende na ujanja?" Akaweka chini kile kigongo cha kusukumia. Macho yalikuwa mekundu. "Wakisema nimevunja Sabato, Ishbel, nitavumilia. Lakini wananiita mwongo. Mwongo haketi pale. Na mimi sina mwakani mwingi."

Nilirudi nyumbani nikashona kola kichwa chini miguu juu, nikaifumua, nikaishona vilevile tena. Nilikuwa na hasira na Lachlan kiasi cha kumtakia kunguni katika vitanda vyake vyote.

Baraza lilikaa Alhamisi alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Wanawake hatuingii huko, lakini mimi niliitwa shahidi kwa sababu nilishika kofia. Wazee walipanga mstari, Mchungaji Torquil kichwani mwa meza. Ni mtu wa kisiwani Skye, mrefu, mpole wa sauti, ambaye hujui amekasirika mpaka umeshachelewa.

"Mzee Lachlan," alianza, "eleza ulichoona."

"Nundu tatu, Mchungaji. Shingo kama mlingoti. Macho mekundu."

"Hector?"

"Nundu mbili," Hector alisema. "Na masikio."

"Masikio?"

"Mawili, Mchungaji. Yanachezacheza."

Lachlan akamtazama kwa jicho la kumchoma. Mchungaji akaendelea polepole: "Kutoka ukutani hadi katikati ya ziwa ni mbali. Mimi miwani yangu hainifikishi hata getini. Mzee Lachlan umri wako tunaujua. Macho mekundu uliyaonaje?"

"Kwa darubini," Lachlan alijibu, na neno lilipokwisha kutoka alitamani kulirudisha.

Mzee mmoja akaanza kukagua kucha zake.

"Darubini," Mchungaji akasema. "Siku ya Sabato. Kanisani."

"Ilikuwa... ilikuwa ndani ya koti."

"Na nani mwingine aliitazamia?"

Hector akainamia viatu vyake. Hapo sikuweza kujizuia. "Sote, Mchungaji," nilisema. "Tulipokezana. Mimi niliipata baada ya Hector, na ilibidi nimfinye ndipo aiachie." Nyani haoni kundule, lakini siku ile nyani wote tuligeuzwa pamoja tukaonyeshana.

Mchungaji hakucheka, ingawa sharubu zilimtingishika. Akamgeukia Murdina. "Dada Murdina. Nina swali moja tu. Ulipoondoka ufukoni, ulijua kwamba yule ni kulungu?"

Kila mtu mle ndani alielewa. Neno "ndiyo," na kesi imekwisha: mwanamke alimwona mnyama anazama, akaenda kumtoa, kazi ya huruma, kibati hiki hapa. Hata Lachlan alikuwa kama anamsukumia neno hilo, maana naye sasa alitaka kwenda nyumbani. Nilimkanyaga Murdina mguu chini ya kiti.

"Hapana," alisema.

Laiti ningekuwa na ile kofia ningempiga nayo.

"Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni zimwi, Mchungaji. Kama wao."

"Na ukaenda?"

"Lilikuwa linazama."

"Lingeweza kukumeza."

"Ningemezwa." Akaangalia mikono yake yenye michubuko. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiyasema mbele za watu. "Mimi sijui kama lipo. Mnaulizana kila siku, lipo, halipo, mimi navuka tu. Lakini kama lipo, basi kuna aliyeliumba, na ni Yeye huyo aliyemwumba ng'ombe wa Lachlan. Ng'ombe wa Lachlan alitumbukia mtaroni Jumapili, mwaka juzi, tukamtoa sote kwa kamba na nguo zetu za kanisani. Hakuna aliyeshitakiwa. Kwa nini ng'ombe ahurumiwe na zimwi lisihurumiwe? Na kama halipo, basi sikwenda kutazama maajabu, maana hayapo. Nilimwendea aliyechoka. Nilipofika nikakuta ni kulungu. Ningekuta ni lile lenyewe ningefanya vilevile, ila lisingeingia kwenye mashua."

Mmoja wa wazee alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Mchungaji akaiweka kalamu mezani.

"Baraza hili," alisema, "haliwezi kuamua kama zimwi lipo, na wala halihitaji. Mtu mmoja aliondoka ufukoni akiamini anakwenda kwenye kinywa cha mauti, kwa sababu alimhurumia kiumbe. Waliobaki walisimama juu ya makaburi wakimtazama kwa darubini. Upande mmoja kati ya hizi mbili umevunja Sabato. Nani anataka kuniambia ni upi?"

Ndipo Lachlan Macgruer akasimama. Nilidhani anakwenda kugomba, na nilijiandaa. Lakini mzee yule alikuwa na uso wa mtu aliyelala vibaya wiki nzima.

"Nafuta mashitaka," alisema. "Yote mawili. Hilo la kwanza limeshanirudia mwenyewe. Na hilo la uongo..." Akamgeukia Murdina. "Mtu akifunguliwa mlango mpana vile, neno moja tu atoke, akakataa kwa sababu si kweli, huyo hawezi kuwa amenidanganya habari ya kulungu. Kulungu alikuwapo. Nilimwona kwa darubini na sikutaka kumwona." Akaitoa darubini ndani ya koti, maana alikuwa nayo hata hapo, akaiweka mezani mbele ya Mchungaji. "Nisamehe, dada."

"Umesamehewa," Murdina akasema. "Naomba maji ya kunywa."

Huko nje nilimkumbatia nikamzungusha kama msichana kwenye ngoma, na yeye akiniambia nimwache, watu wanaona. Niliwaambia watu waone vizuri, kwa macho matupu. Kuhusu wageni, Lachlan aliogopa bure kwamba wangekoma kuja. Mwandishi wa gazeti aliambiwa habari ya kulungu, akaisikiliza, akaandika zimwi, na vitanda vikajaa kama kawaida.

Jumamosi alipewa kibati. Jumapili jua lilitoka, jambo ambalo kwetu ni muujiza tosha. Watu walikuja kutoka mabonde yote, kanisa likawa dogo, Meza ikaandaliwa nje kwenye mteremko wa nyasi: mbao ndefu, kitambaa cheupe, mkate, kikombe. Mchungaji akatoa maonyo yake, nani asithubutu kukaribia, na alionya vikali kama ilivyo desturi. Zaburi ikaanzishwa. Huo ndio wakati wa wenye vibati kusogea, na ndio wakati ambao hakuna anayesogea. Kila mtu anaona aibu kuwa wa kwanza. Ubeti wa kwanza ukaisha, meza tupu. Wa pili ukaanza, meza tupu. Kina bibi waliokuwa wakiketi miaka yote walikuwa wameinamisha vichwa, wakingoja wanaume.

Murdina akasimama kutoka kiti cha nyuma kabisa.

Alitembea katikati ya mkutano, peke yake, kibati kimebanwa kiganjani. Hakukimbia wala hakujikokota. Kichwani mwa Meza, mkono umenyooshwa kupokea vibati, alisimama Lachlan Macgruer, maana ilikuwa zamu yake. Akakipokea. Kisha akamshika kiwiko, yeye mzee mwenye maringo kuliko wote upande huu wa ziwa, akamwongoza hadi kiti cha kwanza, mahali ambapo hakuna mgeni wa Meza anayewahi kuketishwa. "Karibu, dada yangu," nilimsikia akisema. "Umetukawilia."

Na nyuma yake wakaanza kuinuka. Bibi mmoja, kisha mwingine, kisha kina mama wa bonde la juu, wamejifunga mitandio, hawangoji mwanamume yeyote, mpaka mbao zile zikajaa na waimbaji wakalazimika kuianza zaburi upya. Mimi sikuwa na kibati. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi nikiimba kwa sauti yangu mbaya, machozi yakinitiririka shingoni, na sikujali nani ananiona.

Nilimtazama akipokea kikombe. Mikono iliyopiga makasia maisha yake yote ilikizunguka chote. Akanywa, akampa jirani yake, akainua uso juani, akasema kwa sauti, mbele ya mabonde yote, "Mama, nimeketi."

Wiki iliyofuata nilipanda kilima hadi kwa Mchungaji na mimi.